Ami yangu ananitaka nitie saini hesabu ninazojua kuwa zina makosa

Kwako mshauri wetu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni karani wa chama cha ushirika wa akiba na mikopo katika Mkoa wa Kaskazini Pemba. Wanachama wetu ni wakulima wa karafuu, kinamama wa mwani, walimu wa skuli na wafanyabiashara wadogo wa Wete na vijiji vya jirani. Zamani tukiandika kila kitu daftarini. Siku hizi tunatumia programu ya kompyuta tuliyouziwa na kampuni moja ya Unguja, nayo hupokea marejesho ya mikopo yanayotumwa kwa simu na kuyaingiza yenyewe katika hesabu ya mwanachama.

Mama mmoja mjane, mkulima wa mwani, alinijia ofisini akiwa na simu yake mkononi. Alinionesha ujumbe wa malipo uliotoka saa mbili kasorobo za usiku, siku ya mwisho ya mwezi. Nilipofungua kompyuta nikakuta malipo hayo hayo yameandikwa tarehe mosi ya mwezi uliofuata, na chini yake pana faini ya kuchelewa. Nikaanza kulinganisha za wengine, na hapo ndipo nilipoelewa: anayelipa siku ya mwisho baada ya ofisi kufungwa huhesabiwa kuwa amechelewa, rejesho lake la mwezi wa pili hukatwa faini kwanza, deni hubaki na upungufu, na upungufu huo nao huzaa faini nyengine. Wapo wanachama ambao hawajapitisha hata mwezi mmoja bila ya kulipa, lakini kwenye kompyuta ni wadaiwa sugu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kabla ya hapo katibu alikwishaweka orodha ya wadaiwa sugu katika kundi letu la WhatsApp, na jina la mama huyo limo. Mdhamini wake amejitoa, mkopo aliokuwa akiuomba umekataliwa, na yeye mwenyewe haji tena mikutanoni.

Nilimwambia mwenyekiti, ambaye ni ami yangu, ndugu wa baba yangu, na ndiye aliyenisomesha. Alisikitika kweli, lakini akaniambia: "Mambo haya tuyasitiri. Tukiyatangaza sasa, msimu wa karafuu unakaribia, watu watakimbilia kutoa akiba zao na chama kitakufa." Kampuni nayo imejibu kuwa inarekebisha kimya kimya, na kuwa mkataba unatukataza kutoa nje habari za programu. Kuna siku nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta nikaona salio la mwanachama linabadilika bila ya mimi kugusa kitu, na nilipouliza nikaambiwa kuwa fundi ameingia kutokea Unguja.

Mkutano mkuu ni mwezi ujao, na natakiwa nitie saini waraka unaosema kuwa kumbukumbu zote ni sahihi. Wakati huo huo wapo wanachama waliokwishashuku kuwa kuna jambo linafichwa, na wanadai hesabu za kila mtu ziwekwe katika kundi kwa jina la uwazi. Je, amana niliyopewa inanitaka ninyamaze? Nikisema, nitakuwa nimevunja mkataba na kumvunjia heshima ami yangu? Na uwazi ndio huo wa kuanika daftari la kila mtu?

Karani, Wete

---

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Usitie saini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lenye tarehe, na mengine yote yanaweza kupata nafasi ya mazungumzo. Waraka unaosema kuwa kumbukumbu ni sahihi, ukitiwa saini na mtu anayejua kuwa si sahihi, unamtoa mtu huyo katika hali ya karani aliyekuta kosa na kumtia katika hali ya karani aliyelificha. Kampuni ya Uber ya Marekani, ile ya kuita teksi kwa simu, iliibiwa taarifa za watu milioni 57 mwaka 2016, ikawalipa wezi dola 100,000 na kukaa kimya hadi Novemba 2017. Mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani aliyekuwa mkuu wake wa usalama wa mitambo kwa kulificha jambo lile. Yeye alikuwa mwajiriwa kama ulivyo wewe, ingawa wa cheo kikubwa zaidi, na kampuni ilikuwa ya wengine. Sikutajii haya kwa kukutisha. Nataka uone kuwa shinikizo linatoka juu, lakini jina linalobaki kwenye karatasi ni la aliyetia saini.

Sasa nije kwenye kiini cha suala lako. Katika barua yako mna habari za aina mbili, na chama chenu kimezigeuza kichwa chini miguu juu. Deni la mwanachama mmoja ni jambo baina yake, mdhamini wake na ofisi, nalo limetangazwa kwa watu wote. Kosa la mtambo unaohesabu fedha za wanachama wote ni haki ya wanachama wote kulijua, nalo limefungiwa katika chumba cha mwenyekiti. Ilipaswa iwe kinyume chake kabisa. Mtu aliyekabidhiwa mali za wenziwe hawezi kudai faragha katika namna anavyozihesabu, na mtu aliyeweka mali zake kwa wenziwe hajauza, kwa kufanya hivyo, haki yake ya kutojulikana shida zake. Wale wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844 baada ya kuchoka kupunjwa, walijiwekea utaratibu wa kusomewa hesabu na mizania mara kwa mara. Zilizosomwa hadharani zilikuwa hesabu za duka.

Ami yako ameitaja sitara, na neno hilo ni zito katika nchi yetu, kwa hivyo silipiti juu juu. Sitara tuliyofundishwa ni ya mja aliyeteleza katika jambo lake, ambaye kumfichua hakumrudishii mtu yeyote haki yake. Hapa kuna watu waliokatwa fedha zisizo zao kukatwa, na kuna mjane aliyevunjiwa heshima. Hizo ni haki za waja, na haki ya mja haifunikwi kwa sitara ya mwengine. Chukua mfano wa pishi ambalo wachumaji wa karafuu hupimiwa nalo jioni ili walipwe. Mwenye shamba akigundua kuwa pishi lake ni kubwa kuliko lilivyo pishi la halali, hawezi kulibadilisha usiku na kusema kuwa amesitiri, kwa sababu kila mchumaji aliyepimiwa nalo tangu mwanzo wa msimu bado anamdai. Kampuni yenu inataka kulibadilisha pishi usiku. Marekebisho ya kimya kimya yatazuia faini za kesho, lakini za jana zitabaki katika vitabu zikiwa na sura ya deni la halali.

Na kama ami yako ni mtu wa dini, kama ninavyohisi, mkumbushe kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya deni na karani. Inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na humo humo inakataza mwandishi na shahidi wasitiwe katika madhara. Aya inayofuata inakataza kuficha ushahidi. Mimi nikiwa nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu za vyama kwa miaka mingi, sijaona maelezo ya kazi ya karani yaliyo wazi kuliko hayo, wala ulinzi wa karani uliotajwa mapema kuliko huo.

Nataka pia umsimulie kisa cha posta ya Uingereza, kwa sababu kinafanana na chenu kuliko unavyodhani. Kuanzia mwaka 1999 posta ile ilitumia mtambo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, katika maelfu ya maduka madogo ya posta mijini na vijijini. Mtambo ukawa unaonesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Wenye maduka walipopiga simu kuuliza, wengi wao waliambiwa kuwa hakuna mwengine mwenye tatizo kama hilo, kwa hivyo kila mmoja akabaki na fedheha yake akidhani kuwa ni yeye peke yake. Baadhi yao walilipa upungufu huo kwa akiba zao wenyewe, wengine wakauza nyumba, wengine wakafungwa jela. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kati ya mwaka 1999 na 2015. Posta ikashikilia kwa miaka kuwa hakuna anayeweza kuingia katika hesabu za duka kutokea mbali na kuzibadilisha, na baadaye ikathibitika kuwa mafundi wa Fujitsu waliweza kufanya hivyo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya huko ilikubali kuwa makosa ya mtambo yangeweza kusababisha upungufu ule, na mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria maalumu ya kuzifuta hukumu zile kwa pamoja.

Mtambo mbovu peke yake usingefanya uharibifu wa kiasi hicho. Makosa ya kompyuta yapo kila mahali na hurekebishwa. Uharibifu ulikua kwa sababu waliojua hawakuwaambia waliokuwa wakiumia, na kila aliyeumia alizuiwa kumjua mwenziwe. Mjane wako ameanza kupita njia hiyo hiyo. Hivi sasa, pengine, amekaa kwake akijihesabu upya, akijiuliza ni mwezi gani alisahau, na ukweli ni kuwa hakusahau mwezi wowote. Kila siku ofisi inayokaa kimya huku ikijua, inamwachia mzigo ambao si wake.

Hofu ya mwenyekiti kuhusu watu kutoa akiba zao haifai kudharauliwa. Chama cha akiba na mikopo kinaishi kwa imani, na fedha nyingi zimo mikononi mwa wakopaji, kwa hivyo wanachama wakija wote siku moja hakuna chama kitakachoweza kuwalipa. Lakini angalia mambo yalipofikia. Wewe mwenyewe umeandika kuwa wanachama wamekwishashuku, na mama yule ana ujumbe wa malipo katika simu yake ambao anaweza kumwonesha jirani yeyote. Habari hii itatoka. Kilichobaki kuamuliwa ni itoke kwa bodi ikiwa pamoja na hesabu zilizorekebishwa, au itoke barazani ikiwa imeongezwa chumvi. Bodi ikisimama mbele ya mkutano na kusema kosa lilikuwa lipi, lilianza lini, faini zitarudishwa kwa tarehe gani, na kuwa kila aliyeathirika ataitwa ofisini peke yake aoneshwe hesabu yake, wanachama watakuwa na sababu ya kubaki. Ndiyo maana nataka uwe umeimaliza kazi ya kulinganisha kabla ya mkutano, japo ikubidi ukae na madaftari hadi usiku.

Kuhusu mkataba, omba uusome mwenyewe, kifungu chenyewe, wala usitosheke kuambiwa kilichomo. Vifungu vya usiri katika mikataba ya programu kwa kawaida hulinda namna programu ilivyotengenezwa na bei iliyouzwa. Kumweleza mwanachama kuwa salio lake lilihesabiwa vibaya si kutoa siri ya utengenezaji wa kitu. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliandika juu ya maandishi ya siri ya kijeshi na kuweka kanuni ambayo wataalamu wa usalama wa mitambo wanaifuata hadi leo: mtambo ujengwe kwa namna ambayo hata adui akiujua ulivyo hautaharibika, na kinachofichwa kiwe ufunguo tu. Kampuni inayosema kuwa biashara yake itakufa wateja wakijua mtambo unavyohesabu tarehe ya malipo, imeweka usiri mahali pasipo pake.

Upande wa ufunguo ndiko ninakokutaka uwe msiri. Ikiwa wafanyakazi wa ofisi yenu mnatumia nywila moja, au ikiwa mlango anaoingilia fundi kutokea Unguja hauna ulinzi wa kutosha, mambo hayo mwambie mwenyekiti na kampuni kwa maandishi, wapeni muda wa kuufunga mlango huo, kisha wanachama waelezwe. Kutangaza udhaifu ulio wazi bado ni kuwaonesha wezi njia. Huo ndio ucheleweshaji pekee ninaoukubali, nao uwe na siku ya mwisho inayojulikana. Pamoja na hayo kampuni idaiwe jambo moja bila ya kulegea: kila badiliko katika salio la mwanachama liache alama inayoonesha nani amebadilisha, lini, kutoka kiasi gani hadi kiasi gani na kwa sababu gani, na alama hizo ofisi yenu iweze kuzisoma. Ulichokiona siku ile kwenye kioo cha kompyuta, salio kubadilika bila ya maelezo, hakikubaliki hata kama fundi alikuwa akirekebisha kwa nia njema.

Wanachama wanaotaka hesabu za kila mtu ziwekwe katika kundi wana hasira ya haki, lakini wanadai kitu kisicho chao. Wana haki ya kujua jumla ya mikopo iliyotolewa, jumla ya isiyolipwa, faini zilizokusanywa zimekwenda wapi, wajumbe wa bodi wamekopa kiasi gani na kwa masharti gani, na mtambo umenunuliwa kwa kiasi gani. Wadai hayo hadi wapewe. Deni la fulani bin fulani halimo. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ni ya Jamhuri ya Muungano, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusanyiwa na inampa haki ya kudai zilizo na makosa zirekebishwe. Kwa kuwa vyama vya ushirika si jambo la Muungano, mwanasheria wa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kinafanya kazi Pemba pia, atakuonesha vifungu vinavyowagusa nyinyi. Hata kabla ya sheria, ile orodha ya katibu haikustahili kuwekwa, kwa waliodaiwa kweli na kwa waliosingiziwa. Mdaiwa anaandikiwa barua, anaitwa, na mdhamini wake anaitwa. Kumuaibisha mtu mbele ya kijiji kizima hakumo katika njia hizo.

Kuifuta orodha hiyo sasa hakutoshi, kwa sababu imekwishasomwa. Maneno ya kuomba radhi yapite katika kundi lile lile, yaandikwe na mwenyekiti na katibu kwa majina yao, yaseme waziwazi kuwa orodha ilitokana na hesabu yenye makosa. Kabla ya kumtaja mama yule kwa jina, mwende kwake mkamuulize. Huenda akataka jina lake lisafishwe mbele ya wote waliolisoma, na huenda akaona kuwa kutajwa mara ya pili ni kuchokorwa kidonda. Yeye ndiye wa kuamua. Mdhamini wake aonwe ana kwa ana, na ombi lake la mkopo lirudishwe mezani bila ya kuambiwa aanze upya, maana mjane wa mwani aliyenyimwa mtaji katikati ya mwaka hupoteza zaidi ya zile faini.

Sasa kuhusu ami yako. Nenda kwake nyumbani, si ofisini, na uende na mtu mzima mmoja wa ukoo anayemheshimu, kama ni mama yako au shangazi yako. Mwambie kwa adabu zote kuwa hutotia saini, mweleze sababu, na umuombe yeye awe ndiye wa kwanza kusema mbele ya bodi. Mpe nafasi hiyo kwa moyo mweupe. Mtu aliyekusomesha anastahili kusikia kutoka kinywani mwako kabla ya kusikia kwengine, na kiongozi anayelitoa kosa kwa ulimi wake hubaki na heshima ambayo hataipata akitolewa na wengine. Heshima unayodaiwa inakomea hapo. Haifiki kwenye kalamu yako.

Akikataa, andika barua kwa bodi na kwa kamati ya usimamizi, ueleze ulichokiona na siku ulipokitolea taarifa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Zikipita siku za kutosha kuitisha kikao na hakuna kilichofanyika, peleka barua hiyo hiyo kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika na kwa mkaguzi wa nje. Usiweke chochote Facebook, usipige picha hesabu za wanachama kwa simu yako, usizitoe nje ya ofisi hata kwa nia ya kujilinda, kwa sababu siku utakayokutwa nazo utakuwa umefanya lile lile alilolifanya katibu. Orodha ya walioathirika iandike kwa namba za uanachama bila ya majina, uonyeshe tarehe ya ujumbe wa malipo na tarehe iliyoandikwa na kompyuta, na mkaguzi akihitaji majina atayaona ofisini, mbele ya mjumbe wa kamati ya usimamizi.